Chane za Plastiki

Msukaji wa mikeka wa pwani, kabla hajaanza kusuka, huketi kitako na kuchana. Huchukua ukindu uliokauka, akauchana kwa ukucha au kwa ncha ya kisu mpaka ukawa vipande vyembamba vyenye upana mmoja, na vipande hivyo huitwa chane. Chane ikiwa pana kuliko wenzake, ukili hupinda. Ikiwa nyembamba mno, hukatika mkononi. Kwa hiyo mkeka mzuri huanza kuwa mzuri kabla haujasukwa. Nimelitaja jambo hili mwanzo kwa kuwa insha hii yahusu chane za namna nyingine, ambazo hazikuota katika mti wo wote. Ni chane za plastiki, pamoja na vitu vidogo vilivyoundwa kwazo na mikono ya watoto na ya watu wazima, katika vilima vya magharibi ya Nairobi na penginepo.

Plastiki ikitajwa leo, watu hufikiri kwanza duka, kisha jaa. Hununuliwa, hutumiwa siku moja, hutupwa. Lakini baina ya duka na jaa palikuwa na mkono uliookota, ukakata, ukakunja, ukaunda mfano wa kitu kilichopendwa na macho: basi, ndege, gari moshi, jahazi. Kwa neno mfano nina maana ya kitu kidogo kilichofanywa kufanana na kikubwa, na kazi hiyo haina mshahara wala cheti. Wanahistoria wameipita bila kuitazama, na mimi naona wamekosa kitu.

Mtu aondokaye katikati ya Nairobi, akapita Westlands na kuifuata barabara ya Lower Kabete, hufika Spring Valley, jina ambalo maana yake ni Bonde la Chemchemi. Ni mtaa wa nyumba kubwa na miti mirefu. Zamani sehemu hizo za magharibi zilikuwa mashamba ya kahawa, kisha katika siku za ukoloni zikawa makao ya Wazungu. Jambo hilo halikuwa la bahati. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, daktari aliyeletwa kuchunguza afya ya miji, alishauri kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe, kila watu mahali pao. Mwaka 1923 Serikali ya Uingereza ilitamka kwamba miji isigawanywe kwa rangi kwa nguvu ya sheria. Hata hivyo masharti yaliyoandikwa katika hati za viwanja yaliendelea kufanya kazi ile ile kimya kimya. Mwafrika aliingia katika mitaa hiyo kuwa mpishi, au mtunza bustani, au mlinzi wa usiku, naye alilala katika vyumba vidogo vya nyuma. Kwa mwendo mfupi wa miguu palikuwa na Kangemi, kijiji cha Waafrika ambacho siku hizo kilikuwa nje ya mipaka ya mji.

Basi, katika bonde moja palikuwa na michezo ya namna mbili. Mtoto wa nyumba ya mbele huenda alipata, siku ya kuzaliwa kwake, sanduku lililotoka Uingereza, na ndani yake ndege au meli iliyokatwa vipande tayari, pamoja na karatasi ya kumwonyesha kipande gani kishikane na kipi. Mtoto wa Kangemi au wa Kabete hakuwa na sanduku. Alikuwa na waya wa ua, na vifuniko vya chupa, na kitu cho chote kilichotupwa na watu wa nyumba ya mbele. Kwa waya aliunda fremu ya gari, na kwa waya mrefu zaidi akaunda usukani wa kulisukuma hali amesimama wima. Nyayo za patapata zilizochakaa zilikatwa kwa mviringo zikawa magurudumu. Patapata hizo zilitoka katika kiwanda cha Bata huko Limuru, mji ulio juu ya vilima vivyo hivyo. Baadaye, mafuta ya kupikia yalipoanza kuuzwa katika makopo ya plastiki badala ya madebe, makopo ya Kimbo na Kasuku yaliongezwa katika ghala ya watoto. Kopo likichanwa kwa wembe kuanzia ukingoni, likazungushwa, hutoa ukanda mmoja mrefu kama ganda la chungwa linalomenywa bila kukatika. Ukanda huo ulifaa kwa walinzi wa matope, kwa bampa, na kwa nguzo za madirisha.

Tusiucheke mchezo huu. Mtoto aliyeunda basi kwa waya na chane alilazimika kulitazama basi la kweli kwa makini kuliko abiria aliyelipanda kila siku. Alijua ekseli ya nyuma i umbali gani kutoka mlangoni. Alijua lori hili lina pua na lile halina. Hapana karatasi iliyomwambia. Macho yake ndiyo yaliyokuwa karatasi.

Inafaa sasa tuulize plastiki yenyewe ilitoka wapi, kwa maana kisa chake kinaanza karibu na kwetu kuliko tunavyodhani. Katika karne ya 19 soko kubwa la pembe za ndovu duniani lilikuwa Unguja. Pembe hizo zilichukuliwa mabegani mwa wapagazi kutoka bara hadi Bagamoyo na Pangani, zikavuka bahari, na nyingi zikaishia Marekani na Ulaya kuwa vitana, vibao vya piano, na mipira ya mchezo wa biliadi. Pembe zilipozidi kuwa ghali, wenye biashara ya biliadi mjini New York walitangaza katika miaka ya 1860 zawadi ya dola 10,000 kwa mtu atakayevumbua kitu cha kushika mahali pake. John Wesley Hyatt alijaribu, na matokeo ya majaribio yake yalikuwa seluloidi, iliyopata hati mwaka 1870. Kabla yake, mwaka 1862, Mwingereza Alexander Parkes alikuwa ameonyesha kitu cha jamii hiyo katika maonyesho makubwa ya London. Leo Baekeland alivumbua bakelaiti mwaka 1907. Mwaka 1933, katika maabara ya Winnington nchini Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuta katika chombo chao masalio meupe kama nta ambayo hawakuyatazamia. Hiyo ndiyo politini, mama wa mifuko na makopo. Nayo polistirini, ambayo ndiyo hasa inayotuhusu, ilianza kutengenezwa kwa wingi Ujerumani katika miaka ya 1930.

Polistirini huyeyuka kwa moto, hujaza kalibu ya chuma mpaka katika mikunjo iliyo midogo kabisa, kisha hupoa upesi na kuganda. Kwa sifa hiyo ikawa kipenzi cha watengenezaji wa mifano. Kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, mtu wa asili ya Hungaria, ilianza kwa vitu vya mpira vya kujazwa hewa. Kisha ikatengeneza mfano wa trekta la Ferguson ili wauzaji wa matrekta wauonyeshe kwa wateja wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitoa mfano mdogo wa Golden Hind, meli ya Francis Drake, ukauzwa katika maduka ya Woolworths kwa shilingi 2, umetiwa katika mfuko badala ya sanduku ili bei isipande. Tangu hapo mamilioni ya watoto duniani wameunganisha meli na ndege mezani kwa gundi.

Lakini kalibu ya chuma ni kitu cha gharama kubwa. Mwenye kiwanda hachongi kalibu ila kwa kitu atakachokiuza kwa maelfu, na vitu viuzwavyo kwa maelfu ni vile ambavyo watu wa nchi zenye fedha wanavikumbuka: ndege za vita vyao, meli za manahodha wao, magari ya barabara zao. Kijana wa Nairobi atakaye mfano wa kitu cha kwao aweza kungoja sana. Hapa ndipo chane zinapoingia, kwa kuwa chane haina mwenye kuichagulia umbo.

Kwamba mikono ya wanafunzi yaweza kufanya kazi yenye uzito ilidhihirika katika Vita Kuu ya Pili. Mapema mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliziomba shule za nchi hiyo mifano 500,000 ya ndege, za kwao na za adui, ili askari na walinzi wa anga wajifunze kuzitambua kwa umbo lao. Wanafunzi waliichonga kwa mbao wakaipaka rangi nyeusi. Kipimo kilikuwa 1 kwa 72, yaani inchi moja kwa kila futi sita, na kipimo hicho kina faida ambayo mwanafunzi ye yote wa hesabu aweza kuihakiki: mfano ukiwekwa mita 10 mbele ya macho, huonekana kwa ukubwa ule ule wa ndege ya kweli iliyo mita 720 angani. Mlinzi aliyekosea kati ya rafiki na adui angeweza kuua rafiki. Mfano uliochongwa vibaya, ukiwa mbawa zake zimepinda kidogo tu, ungemfundisha kukosea.

Tuchukue sasa kitu cha kwetu tukitie katika kipimo hicho hicho. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, limewekwa gari moshi nambari 5918, liitwalo Mount Gelai kwa jina la mlima ulio karibu na Ziwa Natron. Ni moja katika magari 34 ya aina ya 59 yaliyoundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kuanzia mwaka 1955 kwa ajili ya Reli ya Afrika ya Mashariki, na yote yalipewa majina ya milima ya nchi zetu. Kila moja lilikuwa na uzito wa tani 252. Hapakuwa na gari moshi la mvuke lenye nguvu kuliko hayo katika reli yo yote ya dunia yenye upana wa mita moja. Umbo lake ni la ajabu: tangi la mvuke limening'inizwa katikati, baina ya injini mbili, moja mbele na moja nyuma, ili jitu hilo liweze kujikunja katika kona za njia ipandayo kutoka Mombasa.

Urefu wake ni karibu mita 32. Ukigawanya kwa 72 wapata sentimita 44 na ushei, urefu ambao meza ya kawaida yauchukua. Upana wa reli, mita moja, unakuwa milimita 14 hivi. Tangi la mvuke lina kipenyo cha futi 7 na inchi 6, nazo zikigawanywa hutoa karibu milimita 32. Na tazama, bomba la plastiki la maji machafu liuzwalo katika kila duka la vifaa vya ujenzi lina kipenyo hicho hicho. Kipande cha bomba kilichotupwa na fundi ndicho tangi la mvuke. Yaliyobaki, au sehemu kubwa ya yaliyobaki, ni chane.

Chane za kazi hii hukatwa katika plastiki nyembamba na ngumu. Vikombe vya maziwa ya mgando vinafaa, lakini si vyote. Tazama chini ya kikombe utaona alama ya pembetatu yenye tarakimu: 6 ni polistirini, 5 ni polipropini, 2 ni politini ngumu. Alama hizo zilianza kutumiwa Marekani mwaka 1988 kwa ajili ya kuchambua taka, wala waliozibuni hawakuwafikiria waunda mifano, lakini zimewafaa sana. Utakayo ni 6. Ukuta wa kikombe ukiwa na unene wa nusu milimita, basi katika mfano wetu husimama badala ya ubao wa milimita 36.

Kikombe hupasuliwa, kikalazwa juu ya kioo. Rula iwe ya chuma, kwa kuwa wembe hula rula ya mti. Usikate kwa nguvu mara moja. Pitisha wembe taratibu mara mbili au tatu, mfuo mwembamba ukatokea. Kisha ukunje, nao utavunjika kwa sauti kavu, ukingo wake umenyooka kuliko ambavyo wembe peke yake ungeweza kuunyosha. Ugumu wa kazi ni kupata chane 20 za upana mmoja. Mtu akipima kila moja kwa macho, ya kumi haitafanana na ya kwanza. Dawa yake ni kubandika kwenye kioo kipande cha mti kiwe kizuizi, na kuisukuma plastiki mpaka igonge hapo kila mara kabla ya kukata. Msukaji wa mikeka angeelewa mara moja sababu yake.

Chane ikipatikana, huumbwa. Mikanda inayolizunguka tangi la mvuke lazima ipinde bila kuvunjika, na polistirini ikikunjwa baridi huvunjika. Hulainika kwa joto la karibu nyuzi 100. Hapa Nairobi pana shida ambayo vitabu vilivyoandikwa katika nchi za pwani havikuitaja: mji u kwenye kimo cha karibu mita 1,800 juu ya bahari, na huko maji huchemka kwa kama nyuzi 94 tu. Kijana wa Mombasa akitia chane yake katika maji yanayochemka huitoa imelegea. Wa Spring Valley huitoa imelegea nusu, na ikipoa hujirudisha kidogo. Kwa hiyo huizungusha juu ya kijiti chembamba kuliko bomba lenyewe, akaifunga kwa uzi, akaichemsha kwa muda mrefu zaidi, na kuitumbukiza katika maji baridi kabla hajaufungua uzi. Ikijirudisha, hujirudisha mpaka kipenyo kinachotakiwa.

Vyuma vya kushikilia mkono, ambavyo katika gari la kweli vina unene wa sentimita 3 hivi, katika mfano havizidi milimita 0.4. Hakuna wembe uwezao kukata chane ya namna hiyo. Huchukuliwa fito ya plastiki, ikapashwa joto juu ya mshumaa bila kuugusa mwali, na ikianza kung'aa huondolewa na kuvutwa polepole kwa mikono miwili. Katikati yake huwa uzi, na uzi huo ukivutwa upesi huwa mwembamba kama unywele. Vichwa vya ribiti hutokezwa kwa kubonyeza ncha ya bikari upande wa nyuma wa chane, moja baada ya moja, mia baada ya mia. Nakiri kwamba kazi hii ya ribiti humchosha mtu, na sioni aibu kwa anayefanya upande mmoja tu wa gari, ule utakaotazama wageni.

Vipande vya polistirini huungana kwa asetoni, ile iondoayo rangi ya kucha. Si gundi hasa. Huyeyusha uso wa vipande viwili, navyo hugandamana vikawa kimoja. Tone dogo kwa brashi latosha, na tone kubwa huteketeza kazi ya juma zima. Dirisha liwe wazi, mshumaa uwe mbali, maana mvuke wake hushika moto. Wala mtu asiichome PVC ya bomba ili kuikunja, kwa sababu moshi wake una asidi iharibuyo mapafu.

Polipropini na politini hazikubali kuyeyushwa hivyo, na gundi nyingi huteleza juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Nazo ndizo zilizo nyingi. Ukanda wa plastiki unaofungia marobota na masanduku ya mizigo, mwepesi, wenye rangi za kupendeza, na ambao hutupwa mara mzigo ufunguliwapo, aghalabu ni polipropini. Wanawake wa masoko yetu waliuona zamani, wakausuka vikapu vinavyodumu kuliko vya ukindu. Hawakuhangaika na gundi. Plastiki isiyoshikana kwa gundi hushikana kwa kusukwa, au kwa kushonwa. Na kushona mbao badala ya kuzipigilia misumari ni ufundi wa kale sana katika bahari yetu.

Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kiitwacho Periplus chaitaja bandari ya Rhapta katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na chasema jina lake latokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Chombo cha mwisho cha ukoo huo kilikuwa mtepe, uliojengwa katika visiwa vya Lamu. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake la mraba lilikuwa mkeka uliosukwa kwa chane za majani. Mtepe ulizidiwa na majahazi ya misumari, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ukatoweka. Wazee walioujenga walikufa. Hakuna aliyeweka mtepe mzima ghalani ili wajukuu wauone.

Mwanachuoni atakaye kuujua mtepe leo ana nini? Ana maelezo ya wasafiri, ambao wengi wao hawakujua seremala afanyalo. Ana picha chache, nyingi zimepigwa kutoka mbali. Na ana mifano: mitepe midogo ya mbao na nyuzi iliyochongwa na watu walioiona ile mikubwa, ambayo sasa imehifadhiwa katika makumbusho. Katika mfano mtu aweza kuona jinsi kamba ilivyopita kutoka ubao hadi ubao, jambo ambalo picha iliyopigwa kutoka mbali haiwezi kumwonyesha. Mwaka 2003 mtepe wa ukubwa kamili ulijengwa tena Unguja, ukawekwa katika ua wa ndani wa Beit al-Ajaib. Kujenga huko kulikuwa kusoma, na mabuku yao ndiyo hayo: maandishi, picha, na vyombo vidogo vya mikono ya zamani. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Ni Lamu hiyo hiyo iliyoipa plastiki sura mpya katika siku zetu. Kenya ilikwisha piga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayofika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4, na watoto wa mitaani wakaanza kukosa mifuko ya kufungia mipira yao. Lakini plastiki iliyokuwa imekwisha kutupwa iliendelea kuletwa ufukweni na mawimbi. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, walikamilisha jahazi la mita 9 liitwalo Flipflopi. Tani 10 hivi za plastiki iliyookotwa ziliyeyushwa na kuumbwa mbao na mataruma, zikachongwa na kuunganishwa kwa ufundi wa majahazi, na ubavu wa chombo ukafunikwa kwa vipande vya patapata karibu 30,000 vya rangi mbalimbali. Mapema mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu mpaka Unguja, safari ya kilomita 500, likitua njiani katika bandari na vijiji vya pwani. Kwa ukubwa ni chombo cha kweli, kwa maana kimebeba watu baharini. Lakini kwa njia ya kuundwa kwake ni ndugu wa gari la waya la Kangemi. Mtu ameshika plastiki iliyotupwa, akailinganisha na umbo alilokuwa nalo kichwani, akaikata mpaka ikafanana nalo.

Mwanafunzi atakaye kujaribu ufundi wa kushona hahitaji tani 10. Mtepe wa mita 18, katika kipimo cha 1 kwa 72, una urefu wa sentimita 25. Kopo moja la mafuta ya kupikia na mkono mmoja wa ukanda wa marobota vyatosha. Kopo hutoa chane za mbao. Hukatwa pana kidogo katikati na kupunguzwa nchani, kwa sababu ubavu wa chombo si ukuta wa nyumba. Kingo zake hutobolewa kwa sindano iliyopashwa moto, tundu kwa tundu, matundu ya chane moja yakielekeana sawasawa na ya chane ijayo, kisha uzi wa katani hupitishwa na kukazwa. Ukikazwa mno, plastiki hupasuka tunduni. Ukilegezwa, ubavu hufunguka. Ukanda wa marobota huchanwa mara nne kwa urefu, ukasukwa kuwa tanga la mraba. Gubeti lake, ambalo wazee walisema lafanana na shingo ya ngamia, hukunjwa katika maji ya moto na kufungwa kwa uzi mpaka lipoe.

Kazi hiyo huchukua majuma kadha. Kushona huanza chini, kwenye mkuku, na kupanda.